Nilikuwamo

Kalemie, tarehe 11 mwezi wa pili 2001

Kwa Mama Maimouna, Ujiji, kwa mukono wa Seifu muuza mawese

Mama,

Jambo. Mimi ni Germain, infirmier, muuguzi wa ile nyumba ya wagonjwa wa kichwa penye ulilala miezi kumi na ine. Sura yangu pengine umeisahau, sauti haujaisahau. Njo mimi nilikuwa nakulisha uji kila siku saa nane mchana.

Juzi nilikutana na mudogo wako Mouna ku soko. Aliniambia umevuka ziwa kumufuata mutoto wako Hidaya, na kwamba watu wa Swedi, baba ya mutoto, wanakukatalia kukaa naye. Wanaonyesha karatasi inayosema wewe ni muntu asiye na fahamu. Mouna hakujua kwamba aliyeiandika ni mimi. Karatasi ile ni mukono wangu. Niliiandika mwezi wa saba 1999, nikapiga na muhuri wa kazi.

Nikueleze vile niliandika. Kwenye fishi, ile karatasi ya mugonjwa, kuna pahali pa homa, pa tumbo, pa mukojo, na chini kabisa kuna neno moja: Fahamu. Pembeni kunabaki nafasi ndogo, haitoshi hata jina la muntu. Ku masomo walitufundisha hivi: unaita mugonjwa mara tatu, unamufinya juu ya ukucha, unapitisha kiganja mbele ya macho. Akijibu, andika iko. Asipojibu, andika hakuna. Nilikuita mara tatu. Nilikufinya. Nikainua mukono wako wa kuume, na mukono ukabaki hewani vile niliuacha. Nilienda kunywa chai, nikarudi, ungali juu. Nikaandika: hakuna.

Kisha mwaka jana akafika Munganga Adalbert na sanduku yake ya dawa. Alikuangalia kidogo tu akasema: «Germain, huyu hajaondoka. Huyu amefungwa.» Akakuchoma sindano ya Valium. Hata nusu saa haikuisha, ukaomba maji. Mimi nilikuwa nimesimama pale na beseni. Nilitoka kwa mulango wa nyuma na sikurudi mupaka ndugu zako wakuchukue.

Nakuomba musamaha. Nilipima vibaya, kama infirmier wengi wangepima.

Germain

*

Ujiji, tarehe 25 mwezi wa pili 2001

Papa Germain,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nilikasirika. Nianze na kicheko.

Kweli uliniita mara tatu. «Maimouna! Maimouna! Maimouna!» Jina kavu vile, kama unaita katoto kalikimbia na sabuni ya mamake. Mimi ni Mama Hidaya tangu nilizaa. Mwanaume wa nje hajawahi kuniita hivyo mbele ya mudogo wangu. Hata kama kinywa kingefunguka siku ile, kingefunguka kwa kukutukana, na ungeandika ku fishi: fahamu iko, adabu hakuna.

Na ule mukono ulioacha juu ukaenda kunywa chai! Papa, ulikuwa unaniuma mupaka ndani ya shingo. Niliuambia: shuka. Nikauambia tena. Mukono ulisikia, lakini ulikuwa kama unangojea ruhusa ya muntu mwingine, na muntu ule hafiki. Njo vile mwili wote ulikuwa. Watu hapa wananiuliza kama nilikuwa nalala, kama nilikuwa naota, kama nilikuwa kwa mashetani. Hapana. Nilikuwamo. Nilisikia Mouna akigombana na jirani kwa sababu ya mbuzi. Nilijua siku ya Ijumaa kwa sauti ya mwazini. Nilijua uji wa mahindi na uji wa muhogo, na ule wa Jumatatu ulikuwa unaungua, Papa, kila Jumatatu. Ninyi mulikuwa munatafuta fahamu yangu juu ya ukucha. Haikuwa pale. Ilikuwa inawaangalia vile munaitafuta.

Sasa hasira. Umeniandikia nusu. Unasema ulipima vibaya. Ulipima vibaya mwezi wa tatu, siku walinileta, hiyo nakubali. Lakini karatasi ya Swedi uliandika mwezi wa saba, na mwezi wa saba ulikuwa unajua. Kumbuka kijiko. Ulikuwa unanieleza mambo ya Bendera. Sitaandika jina la muntu yule hapa, barua inapita mikono mingi. Nilishika kijiko. Uliniangalia, nikakuangalia. Siku mbili kisha Swedi akakuuliza jambo moja, na ukamujibu mbele ya kitanda changu.

Ulimujibu nini? Andika wewe. Mimi nilisikia. Nataka kujua kama wewe pia ulisikia.

Maimouna, Mama Hidaya

*

Kalemie, tarehe 18 mwezi wa tatu 2001

Mama Hidaya,

Barua hii nimeifunga na gundi na uzi. Nitaandika vile mambo yalikuwa, bila kupamba.

Mwaka 1998 nilikuwa infirmier ku Bendera, mu disipanseri ya watu wa barrage, lile bwawa la umeme. Tulikuwa wawili, mimi na André. Vita ilipofika, watu walikuwa wanashuka kutoka pori na vidonda vya risasi, na sisi wote wawili tulikuwa tunashona. Hatukuuliza wa upande gani. Siku moja asubuhi waaskari wakaingia. Mukubwa wao akasema:

«Infirmier, hapa ni nani anashona watu wa pori?»

Nikanyamaza.

«Haujui kusema? Basi onyesha.»

Nikainua kidole, nikaonyesha nyumba ya André. Uzi wa kushonea ulikuwa mu mufuko wa kanzu yangu, Mama. Wao hawakuona. Walimuchukua André na malapa yake ya bafu, hakurudi. Mimi nikashuka Kalemie kwa miguu, nikapata kazi ku nyumba yenu ya wagonjwa.

Bibi ya André, Claudine, yeye pia alishuka hapa. Kwa miaka yote hii namusaidia kumutafuta bwana yake. Naandika barua kwa wakubwa, naenda naye ku biro za serikali, nauliza pamoja naye. Muntu hawezi kuishi hivyo bila kumwambia muntu. Nikakuta wewe. Kwenye fishi nilikuwa nimekwisha andika fahamu hakuna, kwa hiyo nilisema moyoni, hapa naweza kusema, ni kama kusema mbele ya ukuta, ila ukuta unaokula uji. Nisamehe kwa neno hilo, lakini njo vile nilifikiri. Kila saa nane nilikuwa nakupa kidogo cha uji na kidogo cha Bendera. Na siku ile nilifika penye kidole. Hapo ukashika kijiko. Vidole vyako vilifunga juu ya vidole vyangu, na macho yako yalikuwa hayaangalii dari tena, yananiangalia mimi.

Nilijua. Hakuna muntu amejua kitu kama vile nilijua siku ile. Na niliogopa. Nilisema: huyu mwanamuke siku moja ataamuka, ataita watu, atasema, ni Germain alionyesha nyumba.

Siku mbili kisha Swedi akafika na Hidaya, wamevaa nguo za safari. Aliniuliza:

«Infirmier, wewe njo unakaa naye. Niambie kweli. Anatujua?»

Nikasema: «Hajui muntu.»

«Hata mutoto wake?»

«Hata wewe ukimuchoma kisu. Ndani hamuna kitu.»

Akalia, akaomba karatasi ya kuonyesha wazee wake. Nikamupa siku ile ile. Ningeweza kumwambia: ngoja wiki mbili, juzi kuna alama nimeona. Ningesema hilo tu, asingepanda boti. Lakini muntu asiye na fahamu hana ushahidi, na mimi nilitaka usiwe na ushahidi. Nilifuta fahamu yako kwa kalamu ya biki ili nifiche yangu.

Njo barua ya kweli. Ile ya kwanza uitupe. Sema unataka nini, nitafanya.

Germain

*

Ujiji, tarehe 9 mwezi wa ine 2001

Papa Germain,

Nimepata barua. Uzi ulikuwa muzima.

Nianze na jambo ambalo limenikalisha chini. Unasema nilishika kijiko na ukaona hukumu. Papa, wewe! Ulikuwa unalia. Mukono ulikuwa unatetemeka, uji unamwangika juu ya shingo yangu, unaingia mu nguo, na Mouna alikuwa amenivalisha nguo safi. Moyo wangu ukasema: huyu baba ataanguka na sahani yake. Njo ule mukono uliokataa miezi ine, siku ile ukakubali, sijui kwa nini. Nilikushika usianguke. Hiyo tu. Uliogopa kitu ambacho hakikuwamo, ukasema hamuna kitu pahali kilikuwamo. Nimekaa na hiyo siku nzima, sikujua kama ni ya kucheka.

Usifikiri kwa hiyo umesamehewa. Bado. Nilimusikia Hidaya akienda. Nilihesabu hatua zake mupaka ku mulango, nikawa naambia miguu yangu: simama, simama, simama. Hiyo siwezi kukupunguzia.

Sasa mambo ya hapa. Mukubwa wa ukoo wa Swedi ni Mzee Mahmoudi. Swedi mwenyewe ameoa, amehamia Tabora, mutoto amemuacha kwa Mzee. Si muntu mubaya. Alinipokea ku baraza, akanipa kahawa, akaniambia wazi:

«Binti yangu, leo una akili, naona. Lakini karatasi inasema mwaka ule akili ilitoka. Kama ilitoka, ilienda wapi? Na nani atanihakikishia haitatoka tena, siku mutoto yuko mbele ya moto wa jiko?»

Nikamujibu: «Mzee, haikutoka. Mulango ulifungwa na mimi niko ndani.»

Akasema: «Hayo unasema wewe. Muntu hawezi kuwa shahidi wa akili yake mwenyewe. Mwenda wazimu na muzima wote wawili watasema nilikuwamo.»

Neno lake nililikubali, Papa Germain. Kwa sababu ni kweli. Fahamu ya muntu haionekani kama kidonda, muntu wa nje anaona alama tu. Na alama yangu aliiona muntu mumoja, akaificha. Muntu yule ni wewe.

Mzee anasema atakubali kusikiliza kesi upya kama infirmier aliyetia muhuri ataandika mwenyewe. Niandikie karatasi. Sikulazimishi kusema ya Bendera. Siri yako nimekaa nayo miaka miwili na sijaitoa hata kwa Mouna, na nilikuwa na kinywa tangu mwaka jana. Unaweza kuandika tu: nilikosea kupima. Pengine itatosha. Lakini nakujulisha, huyu Mzee alikuwa anauza nguo kuanzia Kigoma mupaka Kongolo zamani, anajua muntu anayeficha bidhaa chini ya ingine.

Hidaya ana miaka tisa sasa. Nimemuona mara moja, kwa mbali, akibeba vitabu. Hajaniangalia.

Mama Hidaya

*

Kalemie, tarehe 6 mwezi wa tano 2001

Kwa Mzee Mahmoudi, Ujiji

Mzee wangu, shikamoo.

Ninayeandika ni Germain, infirmier, miaka arobaini na sita, mukristo. Karatasi unayo mu sanduku, yenye muhuri wa buluu, niliiandika mimi. Inasema Mama Maimouna hana fahamu. Ni uongo. Sikukosea. Niliongopa, nikijua.

Utaniuliza kwa nini, na bila kujibu hilo hautakuwa na sababu ya kuniamini. Mwaka 1998 ku Bendera nilionyesha waaskari nyumba ya muntu asiye na kosa kupita langu, na yeye akapotea. Nilimweleza Mama Maimouna nikifikiri hasikii. Siku mbili kabla ya karatasi, alinishika mukono na akaniangalia usoni. Kwa hiyo alikuwa anasikia, na alikuwa anaelewa. Niliogopa atanisema, nikaandika hakuna kitu ndani.

Ili usiseme naandika haya kwako kwa sababu uko ng'ambo ya ziwa, nimeanza hapa. Wiki iliyopita nilienda kwa Mama Claudine, bibi ya muntu yule. Nilimukuta anachambua samaki mbele ya nyumba. Akaniletea kiti, akasema:

«Papa Germain, leo tunaenda biro gani?»

Nikamwambia leo hatuendi. Nikamwambia yote, mupaka kidole. Aliendelea kuchambua samaki mupaka nimalize. Kisha akasema: «Miaka mitatu nauliza ni nani, na wewe unanisaidia kuuliza.» Akaingia mu nyumba, akafunga. Kila asubuhi napita, nasalimia mulango. Haujibu. Akitaka kunishitaki, anajua penye nalala, sitahama.

Mzee, umemwambia Mama Maimouna kwamba muntu hawezi kuwa shahidi wa akili yake mwenyewe. Mimi ni infirmier mudogo, sina vitabu vingi. Lakini miaka hii nimekaa na watu waliofungwa namna ile, na nakuambia bila kusita: tulikuwa tunapima kinywa, tunaita hiyo fahamu. Kuitika ni kitu kimoja, kujua ni kitu kingine. Sasa niko na mugonjwa mwingine, muzee kutoka Moba, hasemi, hageuki. Namupima kama walivyonifundisha, hajibu. Kisha nakaa, namwambia ni siku gani, nani amekuja, uji umeungua samahani. Ku fishi, ile nafasi ndogo naandika: sijui. Munganga Adalbert ameona, hakufuta.

Na kama Mama Maimouna atafungwa tena siku moja? Inawezekana, sitakudanganya mara ya pili. Dawa iko, inajulikana, hata Kigoma inapatikana. Na hata akifungwa, atakuwa ndani, anamupenda mutoto wake.

Karatasi ya kwanza uipasue. Hii nimetia jina langu lote, na muhuri ule ule.

Germain

*

Ujiji, tarehe 3 mwezi wa sita 2001

Papa Germain,

Nimechelewa kuandika kwa sababu sikuwa na mikono, utaelewa.

Barua yako Mzee Mahmoudi aliisoma mwenyewe ku baraza, kwa sauti, mbele ya wazee watano na shangazi za Swedi. Alipofika penye kidole alisimama, akafuta miwani, akaendelea. Alipomaliza, shangazi mumoja akadakia: «Sasa tumwamini muongo kwa sababu anasema ni muongo?» Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akasema: «Muongo anaongopa ili apate kitu. Huyu amepata nini? Amepoteza mupaka kiti cha kukalia.» Kisha akasema: «Lakini infirmier ameona mukono tu. Tuna shahidi mwingine aliyekuwa mu chumba kile. Muitieni mutoto.»

Papa, nilisimama bila kujua, shangazi wakanikalisha.

Hidaya akaingia. Amekuwa murefu, ana magoti ya baba yake. Mzee akamuuliza pole: «Mujukuu, siku mulimuaga mama yako Kalemie, ulimwambia neno?»

Akaangalia chini. «Ndiyo.»

«Kwa sauti?»

«Hapana. Mu sikio.»

«Umewahi kumwambia muntu mwingine neno lile?»

Akatikisa kichwa kwa nguvu, na nikaona uso wake unageuka. Mutoto alikuwa na haya. Mzee akanigeukia: «Binti yangu, mutoto alikuambia nini?»

Nilikuwa nalo, Papa. Nililishika miaka miwili. Ningelisema pale pale, kesi ikaisha. Lakini nilimwona vile anakaza vidole vya miguu ku mukeka. Nikasema: «Mzee, hilo ni neno lake. Nitamurudishia mwenyewe, mu sikio. Akitaka, atasema yeye.»

Shangazi wakaguna. Mzee akasema: «Fanya.»

Nikamukaribia. Hakunikimbia, hakunisogelea. Nikaweka kinywa ku sikio lake, nikamurudishia neno kama alivyonipa, na ule mupumuo mudogo wa mbele. Alisimama kama jiti. Kisha akapiga kelele, akanirukia shingoni, analia na kunipiga ngumi mu mugongo:

«Alisikia! Babu, alisikia! Nilimwambia najifanya nalia lakini nafurahi kupanda boti!»

Mzee Mahmoudi alitoa karatasi yako ya kwanza, akaipasua ine, akasema: «Mutoto aende kwa mamake. Nguo zake zifuate kesho.» Aliniomba nikupe salamu. Alisema pia usipite kwa Mama Claudine kila siku, muntu aliyefunga mulango anahitaji asubuhi moja bila kukusikia. Mimi nakuambia: mufuatie hilo. Akifungua, atafungua kwa siku yake. Kwa upande wangu, nimekusamehe ile karatasi. Miezi ishirini na miwili bila mutoto wangu bado nagombana nayo, na nitakuandikia nikimaliza au nisipomaliza.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye. Hakunipa mukono mupaka tukapita soko. Hapo akauliza:

«Mama, siku ile ulikasirika? Vile nilifurahi?»

«Hapana.»

«Sasa ulikuwa unafikiri nini?»

Nikamwambia kweli: «Nilikuwa napiga kelele, ndani, kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nasema: Hidaya, usikae pembeni ya boti, shika kamba vizuri.»

Akatembea kidogo, akifikiri.

«Nilishika,» akasema.

Maimouna, Mama Hidaya